Herufi ipo, ukurasa haufunguki: intaneti ya G na E safarini mkoani Tanga

Mwaka 2006 nilikuwa nakusanya hesabu za machungwa Muheza na kuzituma jioni kwa barua pepe kwa mnunuzi aliyekuwa Dar es Salaam. Vifaa vyangu vilikuwa simu ya vitufe, kompyuta mpakato nzito na waya mmoja. Hesabu zikifika, wakulima walijua kesho yake lori linakuja au haliji. Zisipofika, machungwa yaliyokwisha chumwa yalilala chini ya mti. Ndiyo maana intaneti inayokataa njiani siichukulii kuwa jambo dogo.

Leo ukiwa Tanga mjini, kuanzia Raskazone hadi Ngamiani, umeizoea 4G. Lakini panda gari la Amani, au ingia vijiji vya huku Pangani, zipo sehemu ambazo simujanja yako ya bei kubwa itakuonyesha E, pengine G, na hapo umerudi kwenye teknolojia ileile ya mwaka 2006. G ni GPRS, intaneti ya simu za kizazi cha pili (2G), na E ni EDGE, ndugu yake mwenye mbio zaidi kidogo. Wapo pia wenye vitochi na modemu za zamani ambazo bado ni nzima. Haya yanawahusu wote hao.

Jambo moja kabla ya yote: usiguse mipangilio mpaka ujue mnyororo umekatika wapi. Kwanza simu iusikie mnara. Kisha mnara uikubali simu kwa data, si kwa sauti tu. Kisha simu ipewe anwani yake ya intaneti. Kisha jina la tovuti ligeuzwe kuwa namba. Baada ya hapo ndipo ukurasa unakuja. Ninaowaona wakihangaika stendi ni wale wanaobadilisha vitu vitano kwa mpigo. Intaneti ikirudi hawajui ni dawa gani imeponya, na isiporudi wameongeza ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza.

Vijiti vimejaa, herufi hakuna

Vijiti vinaonyesha jinsi simu inavyousikia mnara, basi. Mzee mmoja, dalali wa machungwa, aliwahi kunikabidhi simu yake akisema, "Mwanangu, mtandao si umejaa huu? Mbona hautoi kitu?" Ulikuwa umejaa kweli, na alikuwa anapiga na kupokea bila shida. Laini yake tu ilikuwa haijafunguliwa data. Siku hizo ilibidi upige huduma kwa wateja uombe, kisha uzime simu na kuiwasha ili ijitambulishe upya kwa mnara.

Kipimo chake ni chepesi. Toa laini, iweke kwenye simu ya mwenzako ambayo unajua inapata intaneti mahali hapohapo. Herufi ikitokea, laini ni nzima, shida iko kwenye simu yako. Isipotokea, weka laini ya mwenzako, ya mtandao uleule, kwenye simu yako. Ndani ya dakika tano umeshajua mwenye kosa ni nani kati ya simu, laini na mnara.

Simu nyingi za vitufe zina chaguo la kuunganisha data wakati wote au inapohitajika. Ikiwa imewekwa inapohitajika, herufi haitaonekana mpaka ufungue kivinjari, na hapo hakuna kilichoharibika. Kwenye simujanja angalia aina ya mtandao uliochaguliwa. Wapo waliofunga simu zao kwenye 4G pekee ili wapate kasi mjini. Wakipanda mlimani simu inakaa kimya ilhali mnara wa 2G uko mbele yao. Irudishe kwenye chaguo linalokubali 2G, 3G na 4G kwa pamoja.

Mnara wenyewe unaweza kuwa umezima kwa kukosa umeme: muulize jirani mwenye mtandao kama wako. Naye akiwa hana kitu, subiri.

Kuna kipimo kingine ambacho nakipenda kuliko vyote, nacho kinataka redio tu. Weka simu kando ya redio ndogo iliyowashwa kwa sauti ya chini, kisha fungua ukurasa wowote. Ule mkwaruzo wa trr-tit-tit, trr-tit-tit, unaoujua kila aliyewahi kuweka simu karibu na spika, ni simu ikirusha mawimbi kwa vipande vifupi. Kwenye GSM, yaani mtandao huo wa 2G, kila simu ina zamu yake, na zamu hiyo hurudi kama mara 217 kwa sekunde. Redio isiyo na kinga nzuri hunasa mapigo hayo na kuyageuza sauti. Ukisikia mkwaruzo na ukurasa hauji, simu inaongea na mnara, kwa hiyo shida iko mbele zaidi, kwenye APN (jina la mlango wa intaneti, nitalieleza hapa chini) au baada yake. Redio ikikaa kimya kabisa, simu haijatuma kitu, nawe rudi nyuma uanze na laini. Kipimo hiki ni cha G na E. 3G haitoi mkwaruzo wa namna hiyo.

Herufi ipo, ukurasa haufunguki

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na mara nyingi mkosaji ni APN. APN ni jina la mlango ambao mtandao wako unautumia kuitoa simu kwenda kwenye intaneti. Simu hulitaja jina hilo, mtandao ukalitafuta, na usipolikuta simu hainyimwi ukurasa tu, hata anwani haipewi. Herufi G au E itaendelea kukaa pale juu, kwa sababu yenyewe inasema mnara una huduma ya data. Haisemi kwamba wewe umeingia.

Alasiri moja pale stendi ya Muheza niliandika APN mara nne, nimekaa kwenye benchi la muuza kahawa, kompyuta mapajani. Kila nikiisoma ilikuwa sahihi, herufi kwa herufi, sawasawa na karatasi niliyopewa. Kijana wa kibanda cha vocha aliomba simu, akafungua ile sehemu, akapeleka kishale mwisho wa neno. Kishale hakikusimama kando ya herufi ya mwisho. Kilisimama mbele yake, mbali kwa nafasi moja tupu. Kamusi ya kubashiri maneno ilikuwa imewashwa, nami kila nikimaliza neno nilibonyeza sifuri kulifunga, kama nilivyozoea kwenye meseji. Ile sifuri iliacha nafasi isiyoonekana. Akabonyeza kufuta mara moja, akahifadhi, akanirudishia. "Jaribu sasa, kaka." Ukurasa ukaanza kushuka, mstari baada ya mstari.

Tangu siku hiyo, nikiandika APN nazima kwanza kamusi, nafuta kila kitu kilichomo, naandika herufi mojamoja, kisha nakiangalia kishale kimesimama wapi. Ukinakili jina kutoka kwenye meseji, angalia pia usije ukabeba nukta ya mwisho wa sentensi.

Sababu ya pili ni mabaki. Simu za mtumba zinakuja na mipangilio ya mtandao wa nchi zilikotoka. Pia zamani mitandao mingi ilikuwa na milango miwili: wa WAP, kwa kurasa nyepesi za simu, na wa intaneti kamili. Ule wa WAP ulipitia seva ya katikati, na kwenye mipangilio yake utakuta namba za anwani ya seva hiyo pamoja na tundu (port), kama 9201 au 8080. Seva hiyo ikiwa haipo tena, simu itabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa mpaka ichoke. Usihangaike kurekebisha mipangilio ya namna hii. Tengeneza mpya kabisa: andika APN ya mtandao wako, acha wazi sehemu ya seva na ya tundu, acha wazi jina la mtumiaji na nywila isipokuwa umeambiwa za kuandika. Mitandao pia hutuma mipangilio kwa meseji ukiomba. Ukiipokea, usiishie kuihifadhi. Ingia uichague iwe ndiyo inayotumika, maana simu inaweza kuwa na mipangilio sita mizuri huku inatumia ule wa saba ulio mbovu.

Kama APN ni sahihi na bado kimya, shuku DNS, yaani kile kinachogeuza jina la tovuti kuwa namba. Kwenye kompyuta andika ping 8.8.8.8. Majibu yakirudi, njia iko wazi na kinachokosekana ni majina. Weka 8.8.8.8 kwa mkono kwenye sehemu ya DNS ya muunganisho huo, ujaribu tena.

Kurasa zinakuja, barua pepe haziendi

Umeingia kwa mlango wa WAP. Seva ile ya katikati inapitisha kurasa tu, na programu ya barua pepe inataka njia nyingine ambazo yenyewe haizijui. Badilisha uende kwenye APN ya intaneti kamili, kazi imekwisha.

Inaenda vizuri, kisha inakwama

Hapa hakuna kilichoharibika mara nyingi, ila inabidi uelewe unashiriki nini na wenzako. Kila chaneli ya GSM imegawanywa zamu 8. Mtu anayepiga simu anachukua moja. Sauti hupewa kipaumbele, data inagawana zilizobaki. Simu nyingi za GPRS zinaweza kuunganisha zamu 4 wakati wa kupokea, na kwa usimbaji wa kawaida uitwao CS-2 kila zamu inabeba kilobiti 13.4 kwa sekunde. Jumla ni 53.6, na hiyo ni kabla ya kuondoa yanayopotea njiani. EDGE, mawimbi na mnara vikiwa vizuri kabisa, inafika kilobiti 59.2 kwa zamu.

Sasa piga hesabu. Ukipata kilobiti 40 kwa sekunde, megabaiti 1 inachukua dakika 3 na ushee. Picha moja ya simujanja yenye megabaiti 3 inakaribia robo saa ikikutana na foleni. Ukijaribu kuituma Segera mchana, mabasi yamepaki na kila abiria anampigia mtu wake kumwambia alipofika, zamu zote zinaliwa na sauti. Data yako haijakatika, imesimama mlangoni. Jaribu alfajiri, au usiku watu wakilala. Punguza picha kabla ya kuituma. Mimi hesabu zangu nilikuwa naziandika kama maandishi matupu ndani ya barua, bila kiambatisho, na zilikuwa zinapita hata siku mbaya.

Simu ikiita katikati ya kazi, data inasimama. Simu nyingi za kizazi hicho haziwezi kuzungumza na kupakua kwa wakati mmoja, na hata simujanja ikiwa kwenye E hali ni hiyohiyo. Mazungumzo yakiwa marefu, seva ya upande wa pili inachoka kusubiri na kukata, nawe unarudi mwanzo. Elekeza simu zinazoingia kwenye laini nyingine kwa zile dakika kumi unazotuma kitu cha maana.

Ndani ya basi linalokwenda kuna sababu ya ziada. Ukiwa unaongea, mtandao unakukabidhi kutoka mnara huu kwenda ule bila kukata sauti. GPRS haikupewa upole huo. Simu yenyewe inauacha mnara mmoja na kuuhamia mwingine, data inasimama sekunde kadhaa, kisha inaendelea. Barabara ya Segera kuja Hale na Muheza ina vilima na mabonde, na kuhama huko kunatokea tena na tena. Andika barua gari likienda, itume likisimama. Kaa dirishani, maana bati la basi linapunguza mawimbi. Milimani Amani, sogea mpaka uone bonde liko wazi mbele yako. Hatua ishirini kutoka nyuma ya ukingo wa mlima zinaweza kukutoa kwenye G dhaifu mpaka E inayofanya kazi.

Wavuvi na wasafiri wa baharini wanaliona jambo la ajabu kidogo. Juu ya maji mawimbi yanasafiri mbali, kwa hiyo simu inaonyesha vijiti na bado inakataa kila kitu. GSM ya kawaida ina mpaka wa kilomita 35. Mnara hupima muda ambao mawimbi yako yanachukua kuufikia ili kukupangia zamu, na kipimo hicho kinaishia hapo. Ukivuka, unausikia mnara lakini jibu lako linafika limechelewa, linaangukia zamu ya mtu mwingine. Kupandisha simu juu ya mlingoti hakusaidii. Ni kusogea karibu na nchi kavu.

Nieleze pia kuhusu ucheleweshaji, kwa sababu watu wanauchanganya na kasi. Miaka ile tulibonyeza kiungo na kungoja, kisha ukurasa ukaja wote kwa pamoja. Sehemu ya kungoja ilikuwa GPRS yenyewe, ambayo kwenda na kurudi kwake huweza kufika sekunde nzima. Sehemu nyingine ilikuwa setilaiti: kabla ya SEACOM, kebo ya intaneti ya chini ya bahari, kutua Dar es Salaam Julai 2009, intaneti ya kutoka huku kwenda nje ilipaa kilomita karibu 36,000 na kushuka tena, kwenda, kisha hivyohivyo kurudi. Kebo imeondoa safari ile ya angani. Ile sekunde ya hewani, kati ya simu na mnara, bado ipo kila uonapo G. Kwa hiyo bonyeza mara moja, uache. Ukibonyeza mara tatu umetuma maombi matatu kwenye njia ileile nyembamba.

Simu inapata, kompyuta haipati

Kompyuta inaitumia simu au modemu kama ilivyokuwa ikitumia simu ya mezani: inapiga namba. Namba ya GPRS ni *99#, na kwenye simu nyingine *99***1#, yaani tumia mipangilio ya kwanza. Ukiandika namba ya kawaida ya mtoa huduma wa zamani, unapiga simu ya kawaida inayobeba data, inayotozwa kwa dakika na yenye kasi ya kilobiti 9.6 tu.

Kosa ambalo halionekani kirahisi ni kwamba APN uliyoiweka kwenye simu kompyuta haiijui. Inabidi uiandike kwenye amri za ziada za modemu, hivi: AT+CGDCONT=1,"IP","jina la APN". Alama za nukuu zibaki zilizonyooka. Ukinakili kutoka kwenye waraka uliopambwa, zinageuka za kupinda na modemu haizitambui.

Windows ikileta kosa namba 678, upande wa pili haukujibu. Angalia namba uliyopiga na APN. Ikileta 734, makubaliano ya mwanzo yamevunjika. Ingia kwenye mipangilio ya PPP ya muunganisho huo, ondoa alama kwenye chaguo la kujadili viungo vingi (Negotiate multi-link). Dawa hiyo imenitoa mara nyingi.

Kati ya waya, Bluetooth na miali ya infraredi, chukua waya. Infraredi inataka macho ya vifaa viwili yatazamane bila kupishana, na kwenye gari linalotikisika hilo ni kazi bure. Bluetooth inafaa, ila inamaliza chaji ya simu upesi, na njiani chaji ni mali.

Salio linaisha na hujafungua kitu

GPRS inatozwa kwa kiasi cha data, si kwa muda. Kukaa umeunganishwa bila kufanya kitu hakuli salio peke yake. Kinachokula ni programu zinazojisasisha kimyakimya. Kompyuta ikiona intaneti tu, Windows inaanza kuvuta masasisho, programu ya kuzuia virusi nayo inavuta yake. Mara ya kwanza jambo hilo liliponipata, vocha niliyoiweka asubuhi ilikwisha kabla barua moja haijatoka, na kasi yote ilikuwa imekwenda huko. Zima masasisho ya moja kwa moja kabla ya safari, uyawashe ukifika penye intaneti ya kutosha. Usiyaache yamezimwa miezi, kompyuta isiyosasishwa inashika virusi. Kwenye simu, tumia kivinjari kama Opera Mini, kilichoenea duniani kuanzia 2006: ukurasa unapunguzwa kwenye seva zao kabla ya kukufikia. Zima picha kama unasoma maandishi.

Tovuti chache zinafunguka, nyingine zinasema si salama

Tazama saa na tarehe kabla ya kitu kingine chochote. Simu ya zamani ikitolewa betri, tarehe yake inaweza kurudi miaka mingi nyuma, na cheti cha usalama cha tovuti kikisomwa na simu inayodhani tuko 2004 kitaonekana bado hakijaanza kutumika. Rekebisha tarehe, fungua tena. Ikikataa bado, simu hiyo ni ya kabla ya usimbaji wa usalama unaotakiwa na tovuti za leo na hakuna mpangilio wa kuiponya. Jaribu kupitia Opera Mini, ambako seva ndiyo inayoongea na tovuti kwa niaba yako. Mambo ya benki usiyafanye kwa njia hiyo.

Karibu na Horohoro

Ukielekea mpakani, simu inaweza kuudaka mnara wa Kenya kabla hujauona mpaka. Dalili ni meseji ya kukukaribisha, kisha data kukata ghafla au salio kushuka kwa kasi usiyoizoea. Ni kweli Septemba 2006 kampuni ya simu ya Celtel ilianzisha One Network, na wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania wakaweza kupiga nchi jirani kwa bei ya nyumbani. Lakini usichukulie kwamba laini yako ina mpango kama huo kwa data. Uliza kabla ya kuondoka mjini.

Njia ya uhakika ni kuingia kwenye uchaguzi wa mtandao, kuuondoa kwenye kujichagulia, na kuuchagua wako kwa mkono. Baadhi ya simu zinaonyesha namba badala ya majina: inayoanza na 640 ni ya Tanzania, inayoanza na 639 ni ya Kenya. Zima pia data ya nje ya nchi kama simu yako ina chaguo hilo. Ukirudi, ukishaipita Duga kuja mjini, rudisha kwenye kujichagulia, la sivyo ukisafiri kesho nje ya nchi simu itabaki inautafuta mnara usiokuwepo na betri itakwisha kabla ya adhuhuri.